Jinsi ya Kuandaa Ziara ya Wanachuo Nje ya Chuo na Kupata Kibali kwa Wakati

Kila muhula mambo ni yale yale. Mkufunzi mpya anabisha hodi, anasalimia, anaketi, kisha anatoa karatasi moja yenye kichwa "Yah: Ombi la Kibali cha Ziara ya Mafunzo". Safari ni keshokutwa. Basi limeshalipiwa nusu, wanachuo wamekwisha kuchanga, kilichobaki ni saini tu. Namuuliza: nani na nani wanakwenda? Ananijibu, "Kama arobaini hivi."

Hapo ndipo tunapokwama. Nami zamani nilijibu hivyo hivyo, nikarudishiwa karatasi yangu, nikanuna wiki nzima.

Nimeandika mwongozo huu kwa mkufunzi anayeandaa ziara kwa mara ya kwanza na kwa CR (mwakilishi wa darasa) anayemsaidia. Mfano nitakaoutumia ni wa chuo cha ualimu cha Morogoro kinachopeleka wanachuo wa Historia Bagamoyo, kwenda na kurudi siku moja. Vyeo vya chuoni kwako vikitofautiana na hivi, badilisha vyeo tu. Kazi ni ile ile.

Na usidhani wakubwa wanakawia kusaini kwa ukiritimba mtupu. Mei 6, 2017, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa majaribio katika shule nyingine, safari ya kawaida kabisa. Machi 2024, kule Kenya, wanachuo 11 waliokuwa kwenye ziara ya mafunzo ya Mombasa walifariki Maungu, karibu na Voi, basi lao lilipogongana na lori. Mkuu wa chuo anaposhika kalamu, hayo yako kichwani mwake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wiki nne kamili. Tatu ukibanwa sana. Chini ya hapo, ahirisha.
- Moduli au mada ya mtaala inayodai ziara hiyo.
- Mkufunzi mwenza. Kama kuna wanachuo wa kike, mmoja wenu awe mwanamke.
- Orodha ya majina, hata kama ni ya awali.
- Nakala ya dokezo la ziara, yaani andiko la ndani la kuomba kibali, lililowahi kupitishwa chuoni kwako. Waombe masjala, ofisi inayotunza majalada, wanazo. Nakala hiyo itakufundisha kuliko maelezo yangu yote, maana kila chuo kina namna yake ya kuandika.

Hatua kwa hatua

1. Andika sababu ya safari kwa sentensi moja.

"Kutembelea Bagamoyo" si sababu. Hata anayekwenda harusini anatembelea Bagamoyo. Andika hivi: "Wanachuo 44 wa mwaka wa pili wataona magofu ya Kaole, jumba la makumbusho la Misheni ya Wakatoliki na Ngome Kongwe, kisha kila mmoja ataandaa andalio la somo kuhusu biashara ya misafara na utumwa katika pwani." Msomaji anaona idadi, mahali, na kazi itakayorudi chuoni.

Maeneo matatu yanatosha kwa siku moja. Wanaoanza huorodhesha saba: Kaole, Misheni iliyoanzishwa 1868, mnara wa kanisa ulipolazwa mwili wa Livingstone 1874, Boma la Wajerumani, Caravanserai, soko la samaki, na ufukweni kumalizia. Matokeo yake ni kukimbizana. Wanachuo wanapiga picha kila mahali na hawaelewi mahali popote.

2. Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma.

Anza na siku ya safari, rudi wiki nne, hapo ndipo unaanza. Wiki ya kwanza ni ya barua na kutafuta gari. Ya pili, makadirio na orodha. Ya tatu ni ya dokezo kutembea ofisi kwa ofisi. Ya nne ni ya malipo na maelekezo. Kagua ratiba ya mitihani na ya mazoezi ya kufundisha, mfungo wa Ramadhani, na mvua za masika za Machi hadi Mei. Weka na tarehe ya pili ya akiba, uiandike kabisa kwenye dokezo, ili siku ya kwanza ikiharibika usianze mzunguko upya.

3. Andikia unakokwenda, upate jibu la maandishi.

Kupiga simu na kuambiwa "karibuni sana" hakutoshi. Barua iulize mambo manne: kama tarehe hiyo wako wazi, kiingilio cha mwanachuo ni kiasi gani, malipo yanafanyika vipi, na kama kuna mwongoza watalii wa kupokea kundi la watu wengi. Maeneo ya serikali mengi hupokea malipo kwa kumbukumbu namba (control number), hayapokei noti mkononi, na mwanachuo asiye Mtanzania anaweza kutozwa bei nyingine kabisa. Nimewahi kumwona kijana mmoja wa nchi jirani akibaki nje ya geti kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema. Darasa zima lilimchangia pale pale. Lilikuwa jambo jema, lakini halikupaswa kutokea.

4. Tafuta gari, na ulikague wewe mwenyewe.

Hapa ndipo nataka utumie muda mrefu zaidi. Chukua ankara kifani (proforma, yaani bei iliyoandikwa kabla ya kulipa) kutoka kwa wamiliki watatu. Kama chuo ni cha serikali, muulize kwanza afisa ugavi, kwa sababu manunuzi yana utaratibu wake na huwezi kwenda stendi ukaokota basi. Kisha dai nyaraka hizi:

- Kadi ya gari, na namba yake ilingane na gari utakalopanda.
- Bima hai. Usiridhike na stika ya kiooni. Ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa kutumia namba ya gari.
- Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kama gari kazi yake ni daladala ya mjini, mwenye gari awe na kibali cha kulitoa nje ya njia yake. Bila hicho mtashushwa barabarani, nanyi mtakuwa ndio mnaotetemeka, si yeye.
- Leseni ya dereva. Basi la abiria 30 na zaidi linataka daraja C.
- Jina la dereva wa pili, kama safari ni ndefu au mnalala huko.

Baada ya karatasi, nenda ulione gari lenyewe. Dalali atakwambia, "Mkuu, chuma hiki ni kipya, kimetoka juzi." Msikilize, kisha inama uangalie matairi. Kaa kwenye viti vitatu vinne uvute mikanda. Fungua mlango wa dharura. Mara nyingi utaukuta umezibwa na kiti cha ziada. Nenda hatua moja mbele, uombe mkaguzi wa magari wa kikosi cha usalama barabarani alipitie siku moja au mbili kabla. Wengi hawajui kwamba hili linaombwa kwa barua tu.

Onyo: andika namba ya gari kwenye mkataba. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mkataba unaosema "basi la abiria 45" na kuishia hapo. Alfajiri ya safari linakuja gari jingine, bovu, na huna neno.

Mkataba utaje pia njia. Toka Morogoro hadi Chalinze, kunja kushoto kuelekea Msata, kisha lami ya kilomita 64 hadi Bagamoyo. Wapo madereva wanaopenda kupitia Kibaha na Dar es Salaam kwa shughuli zao, na foleni ya huko itakula saa zako mbili. Andika vilevile kwamba mwendo hauzidi kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi, na kwamba dereva habebi abiria wa njiani.

5. Piga makadirio kwa watu watakaolipa kweli.

Orodhesha basi, posho ya dereva, viingilio, mwongoza watalii, chakula na maji, maegesho, posho ya wakufunzi kama ipo, kisha ongeza asilimia kumi ya dharura. Tuseme jumla imefika shilingi 1,540,000. Ukigawa kwa wanachuo 44, kila mmoja ni 35,000. Hesabu nzuri ya darasani. Lakini wiki ya mwisho sita watajitoa, wabaki 38, na mchango halisi unakuwa 40,500 na ushee. Nani atafidia? Kwa hiyo gawa kwa idadi ndogo tangu mwanzo, na tangaza kwamba salio litarudishwa. Mtu hagombani na anayemrudishia hela.

Onyo: fedha zisikusanywe kwenye simu ya CR. Hata awe mwaminifu namna gani, usimtwishe mzigo huo kijana wa miaka 21. Zilipwe kwenye akaunti ya chuo kwa kumbukumbu namba, nawe uombe masurufu, yaani fedha unazokabidhiwa na kuzitolea hesabu baadaye, kwa ajili ya matumizi ya njiani.

6. Tengeneza orodha ya majina. Hii ndiyo safari yenyewe.

Ukiniambia nichague karatasi moja tu katika jalada zima, nitaichukua hii. Kila mstari uwe na jina kamili, namba ya usajili, simu, jina na simu ya ndugu wa karibu, na namba ya kadi ya NHIF au bima nyingine. Mambo ya kiafya, yaani pumu, kifafa, kisukari, selimundu, mzio wa chakula, ujauzito, yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni anayoishika mkufunzi mmoja tu. Usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nalisema kwa sababu limewahi kufanyika.

Simu ya ndugu ipigwe kabla ya safari. Wanachuo wengi huandika namba ya rafiki wa chumbani, ambaye naye yumo kwenye basi hilo hilo.

Toa nakala tatu: moja ibaki kwa mlezi wa wanafunzi, moja kwa walinzi getini, na moja uwe nayo mkononi. Asiyekuwa kwenye orodha hapandi. Si mdogo wake dereva, si mchumba wa mtu, si mwanachuo wa darasa jingine aliyekuta kiti kitupu. Ukilegea kwa mmoja, orodha imekufa, na siku ya balaa utaulizwa jina usilolijua.

7. Andika dokezo linalojibu kabla ya kuulizwa.

Dokezo zuri ni kurasa mbili, ukiacha viambatisho. Aya ya kwanza inaomba nini, lini na wapi. Ya pili inataja lengo na moduli. Ya tatu ni ratiba yenye saa. Ya nne ni gharama na chanzo cha fedha. Ya tano ni usalama: nani anaongoza, gari gani, hospitali gani ya karibu, na nani chuoni atapokea simu ya dharura. Halafu viambatisho vyenye herufi: A orodha ya majina, B barua ya kukubaliwa, C nyaraka za gari, D mchanganuo wa gharama, E rasimu ya fomu ya ridhaa.

Lianzie kwa mkuu wa idara, liende kwa makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, kwa mlezi wa wanafunzi, kwa mhasibu athibitishe fungu, ndipo lifike kwa mkuu wa chuo. Usiruke ngazi. Dokezo lililofika juu bila maoni ya mhasibu litarudi chini kuyafuata, na kupanda tena ni siku tano nyingine. Lifuatilie kwa adabu: pita masjala kila baada ya siku mbili, uulize jalada liko meza ya nani.

8. Ridhaa na maelekezo.

Mwanachuo aliyetimiza miaka 18 anasaini mwenyewe. Vyuo vya cheti vina wengi waliotoka kidato cha nne juzi, kwa hiyo angalia tarehe za kuzaliwa. Aliye chini ya umri huo asainiwe na mzazi au mlezi. Na usijidanganye kwamba fomu hiyo inakuondolea wajibu. Inaonyesha tu kwamba walielezwa.

Siku mbili kabla, waite wote kwa nusu saa. Waambie saa ya kuondoka, mavazi, kiasi cha maji, vitambulisho, na kazi ya kuandika. Kisha zungumzia bahari bila kumung'unya maneno. Wanachuo wa bara wakiona maji ya Bagamoyo yametulia hudhani ni bwawa. Wengi hawajui kuogelea na wanaona aibu kusema. Kanuni yangu ni moja: kama kuogelea hakumo kwenye dokezo, hakuna anayeingia majini, hata magotini. Ndiyo maana siweki ufukwe uwe kituo cha mwisho. Mkimaliza kazi huko mkiwa na saa nzima ya bure, hakuna sheria itakayowazuia vijana 40.

9. Siku ya safari.

Ondokeni saa 12 asubuhi. Kabla ya hapo, linganisha namba ya gari na ya mkataba, sura ya dereva na leseni yake, na umsemeshe kwa karibu. Mtu aliyekesha au aliyekunywa hujulikana.

Ita majina, usihesabu vichwa. Ukihesabu vichwa utamhesabu utingo, utajihesabu na wewe, na hesabu itatimia huku mtu yuko chooni. Ita wakati wa kuondoka, kila baada ya kituo, na kabla ya kurudi. Ndiyo, Chalinze pia, hata kama mmesimama dakika kumi za mahindi na maji.

Mkufunzi mmoja akae mbele karibu na dereva, mwingine nyuma kabisa. Ondokeni Bagamoyo saa 8 mchana, mfike kabla giza halijaingia. Mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku tangu 2023, lakini ruhusa hiyo haikuwalenga wanachuo wako.

10. Kurudi.

Ita majina getini, kisha umpigie mlezi wa wanafunzi kumwambia mmefika. Ndani ya wiki andika ripoti ya ukurasa mmoja. Masurufu yarejeshwe kwa risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) ndani ya muda ulioandikwa kwenye fomu. Ukichelewa, mhasibu atakata kwenye mshahara wako na atakuwa na haki. Mama ntilie hana mashine ya EFD, kwa hiyo mambo ya chakula yamalizeni na mhasibu kabla ya kwenda.

Mambo yakikwama

*Dokezo limerudi na neno moja: "Tujadili."* Hujakataliwa. Omba nafasi siku hiyo hiyo, nenda na orodha na nyaraka za gari mkononi. Mara nyingi swali ni moja tu, na huwa linahusu gari au fedha.

*Mwanachuo hana mchango.* Mpeleke kwa mlezi wa wanafunzi au serikali ya wanafunzi mapema, kimya kimya. Kama ziara inahesabiwa kwenye alama, lazima uwe na kazi mbadala kwa asiyekwenda. Usipokuwa nayo, makamu wa taaluma atakurudishia dokezo.

*Limekuja gari jingine alfajiri.* Lina bima, leseni na hali nzuri? Hakiki pale pale, mpigie mlezi wa wanafunzi, andika namba mpya kwenye nakala zote tatu. Kuna hata kimoja kinachokosekana? Hamwendi. Hapo ndipo tarehe ya akiba inapokuokoa.

*Jina limeitwa, mtu haitiki.* Basi lisiondoke. Piga simu yake, muulize aliyekuwa naye mwisho, mkufunzi mmoja arudi kituo cha mwisho na wengine wabaki ndani ya basi. Nusu saa ikipita bila jibu, taarifa iende kituo cha polisi cha karibu na chuoni kwa wakati mmoja.

*Dereva anakimbiza.* Mwambie mara moja kwa heshima. Akiendelea, mwamuru asimame mahali salama, piga simu kwa mwenye gari mbele yake. Ukimkuta askari wa barabarani, mwambie. Usione haya, basi umelikodi wewe.

*Ajali.* Waondoe wazima mbali na barabara. Piga 112 kwa polisi, 114 kwa zimamoto na uokoaji. Majeruhi wakimbizwe hospitali, fomu ya polisi ya PF3 ifuatiliwe na mkufunzi wa pili huku matibabu yakiendelea. Kwa kutumia orodha, andika kila jina liko wapi: hospitali gani, gari gani, nani yuko naye. Chuo ndicho kinachopiga simu kwa familia. Waombe wanachuo wasirushe picha yoyote mtandaoni mpaka ndugu wawe wameambiwa.

*Jana yake saini bado haijatoka.* Safari haipo, hata kama kwa mdomo umeambiwa "nendeni tu, nitasaini". Mwambie CR kabla ya saa 12 jioni, ili kesho alfajiri watu wasije getini na mabegi.